Dereva Aliyetaka Kwenda Polepole

Wanaoitazama kazi ya dereva kwa mbali hudhani ni kazi ya kukimbia. Sivyo. Kazi ya dereva ni kungoja. Salvator aliwaendeshea wageni wa mashirika kule Kinindo, mtaa wa Bujumbura, mpaka mvi zikamjaa kichwani, na sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza ameegemea mlango wa gari, akingoja bosi atoke mkutanoni, akingoja mke wa bosi achague nyanya, akingoja ndege itue. Uwanja wa ndege aliujua kama ua wake mwenyewe, lakini aliujua upande wa maegesho tu. Alibeba mizigo ya watu mpaka kwenye mlango wa kioo, na hapo kwenye kioo safari yake ikawa inaishia.

Na wakishatoka huko walikokawia, sasa ndipo haraka inapoanza. "Salvator, vite! Salvator, vite, tumechelewa!" Hebu fikiri: mtu amekuchelewesha yeye, halafu wewe ndiye wa kukimbia.

Kwa hiyo binti yake Nella, aliyeolewa Ottawa huko Kanada, alipompigia kumwambia kwamba ruhusa ya kuingia imepatikana, mzee alishukuru Mungu, kisha akaweka sharti.

"Papa, utakaa miezi mitatu," alisema Nella. "Nishakupangia. Siku ya kwanza tutaenda…"

"Apana, mwanangu. Usinipangie siku ya kwanza. Siku ya kwanza mi nitaangalia tu majani ya miti yao."

"Na siku ya pili?"

"Nitaangalia kama yameanguka. Ndani ya hii miezi yote nakuomba kitu kimoja: nipandishe treni. Kwetu hapa treni haiko. Nataka nikae kwa dirisha, mutu mwingine aendeshe, na asiniambie vite."

Nella alicheka mpaka simu ikakwaruza. Marguerite, mke wa Salvator, alikuwa anachambua maharage pembeni na yote aliyasikia. Yeye alishakataa kwenda. Magoti yake, alisema, ngazi za kanisa peke yake zinayatosha, hayahitaji na za ndege. Alimwangalia mumewe akaonya, "Sawa. Lakini mdomo wako uufunge, Papa Nella. Safari haitangazwi."

Ndivyo wafanyavyo watu wa Bujumbura. Mwenye safari ya mbali huondoka kimya, jirani anapata habari siku simu inapolia kutoka ng'ambo. Wengine wanaogopa wivu, wengine uchawi, wengine wanaogopa kuchekwa ikiwa safari itavunjika. Salvator hakuogopa lolote katika hayo. Jumapili ile ile, baada ya misa, alisimama na wenzake mbele ya kanisa la Ngagara akawaeleza habari ya treni na dirisha, uso unamng'aa kama bwana harusi.

Kesho yake ua ukajaa.

Wa kwanza alikuwa Claude, fundi wa friji wa nyumba ya tatu, na mfuko wa isombe kavu, yale majani ya muhogo. "Utamupatia mudogo wangu, muzee. Yuko Vancouver."

"Mi naenda Ottawa, Claude."

"Si ni Kanada ile ile? Utapitia kwake tu."

Usimcheke Claude. Sisi ni watu wa nchi ndogo. Unakunywa chai mjini asubuhi, na jua likiwa kichwani umeshafika mpaka wa Tanzania. Mtu akienda Gitega nawe una shangazi Ruyigi, unampa mfuko, mfuko unapita mikono miwili mitatu, unafika na chumvi yake. Hatuna namna nyingine ya kupeleka vitu, na namna hiyo haijatutupa. Kwa mtu wa hapa, kusema "siwezi kupitia kwako, ni mbali" ni sawa na kusema "sikutaki." Hata Salvator mwenyewe, dereva mzima, aliona hivyo. Alipokea isombe. Akapokea unga wa muhogo na chupa za mawese. Akawa anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Jioni akaja Sephora.

Sephora, au Mama Loïc, alikuwa Mkongomani wa Uvira aliyekimbilia Bujumbura na mimba ya mtoto wake wa pekee. Alimzalia hapo, akamlea kwa kuuza ndagala, vile visamaki vya ziwa letu. Loïc alipokuwa kijana, wale wanaohamisha wakimbizi walimchukua, wakampeleka mji unaoitwa Edmonton. Salvator ndiye aliyemfikisha uwanja wa ndege, kwenye kioo kile kile. Miaka ya kwanza kijana alipiga simu kila Jumamosi. Baadaye zikawa mara moja moja. Kisha kimya, na kimya kile sasa kilikuwa kimeingia mwaka wa nne. Mama aliacha kwenda sokoni. Siku nyingine hata mlango haukufunguliwa.

Jioni hiyo alibaki amesimama, akakataa kiti. "Papa Nella, we ndiye ulimupeleka. We ndiye utanitafutia. Mi siombi mengine. Umuone tu na macho."

Marguerite alimkanyaga mumewe mguu. Salvator aliusikia mguu, akaona na macho ya Sephora, akachagua macho.

"Nitamupata, Mama Loïc. Si niko naenda?"

Siku iliyofuata Nella alituma ramani ya Kanada kwenye simu, maana baba alishamsomea majina ya miji yote ya watu wa mizigo. "Papa, angalia vizuri," alisema. "Humo ndani Burundi zinaingia zaidi ya mia tatu. Kutoka kwangu mpaka Edmonton, hiyo treni yako utalala ndani yake, utaamka, utalala tena, na bado ni msitu ule ule. Vancouver ndiyo usiseme."

Salvator alicheka. Kisha kicheko kikamfia mdomoni, kwa sababu dirishani alimwona Sephora anapita na beseni kichwani, amevaa kitenge chake kizuri, anarudi sokoni. Alikuwa ameoga. Alikuwa hata anaimba.

Tangu siku ile usingizi wa mzee uliharibika. Mizigo ya wengine aliirudisha mmoja mmoja, akaombwa maelezo, akatukanwa kidogo. Claude alimwambia, "Basi Kanada imekuwa kubwa tangu lini?" Hayo aliyavumilia. Lakini kwa Sephora kila mara alifika mlangoni akakuta jambo jipya. Leo amenunua samaki wa mukeke wanono, amewapasua na kuwaanika juani kwa ajili ya mwanawe. Kesho anafagia chumba cha Loïc, kile cha uani, ambacho watu walimwomba mara nyingi wapange, naye akakikataza kama altare. Kesho kutwa anamwonyesha mfuko: mukeke, ndagala, na juu kabisa ufunguo wa kile chumba umefungwa ndani ya kitambaa.

"Akiuona atajua nyumba inamungoja," alisema.

"Ulimutilia yule mama maji mudomoni," Marguerite alimwambia mumewe usiku, "na kisima hauna."

Basi Salvator akamwomba Nella aulizie. Barundi wa ng'ambo hata wakitawanyika wanajuana kwa kanisa na kwa harusi. Haikuchukua muda namba ikapatikana. Alasiri moja mzee alitoka nyumbani ili mke asimsikie. Alitembea kwa mguu, maana mafuta ya magari yalikuwa yamekosekana tena na foleni kwenye stesheni ilikuwa imelala barabarani kama nyoka aliyeshiba. Akasimama chini ya ukuta wa shule, akapiga.

"Allô?" Sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa.

"Loïc? Mi ni Salvator. Papa Nella, wa Ngagara. Nilikupelekaka aéroport."

Sauti ikauliza polepole: "Mama amekufa?"

"Apana! Apana, mutoto wangu. Yuko. Anauza ndagala."

Mzee alisikia pumzi ndefu ikitoka, kama ya mtu anayetua gunia. Alidhani sasa mambo yatakuwa mepesi. Akamweleza safari, treni, samaki. Loïc alingoja mpaka akamaliza.

"Papa Nella, mwambie haukunipata."

"Nimwambie uongo?"

"Kila Jumamosi, nikimupigia, salamu mbili tatu, halafu: unarudi lini? Nikisema mwaka kesho, analia. Nikisema sijui, analia. Mi hapa nafanya kazi usiku, nalala mchana, kurudi siwezi, na kumuleta siwezi. Nilianza kuogopa Jumamosi. Siku moja niliiacha ipite. Ya pili ikapita vizuri kidogo. Unaelewa? Sasa nitaanzia wapi? Mwambie haukunipata." Akakata.

Salvator alirudi nyumbani, miguu mizito kuliko ilivyoenda. Alikaa na neno lile siku kadhaa, likimkwama kama mwiba wa samaki. Akinyamaza, atasafiri na mfuko ambao mwenyewe hautaki, arudi na uongo. Akisema, yule mama atarudi nyuma ya mlango wake, na safari hii huenda asitoke tena. Na treni? Treni aliacha hata kuiota.

Mwisho alikwenda. Alimkuta Sephora uani, akapewa kigoda. Hakuzunguka; alijua akianza kuzunguka hatafika.

"Nilimupata kwa simu. Yuko muzima. Anafanya kazi. Lakini, Mama Loïc, hataki nikwambie."

Sephora aliweka chini kisu alichokuwa anapasulia samaki. "Nani alikutuma umupigie? Nilikutuma kwa macho, sikukutuma kwa simu."

"Kweli."

"Nimemukosea nini?"

Hapo Salvator alitamani sana kuwa dereva tu, mtu wa kuulizwa njia na si mioyo. Akamwambia. Akalitaja lile swali jinsi lilivyo, bila kulipunguza wala kulipaka mafuta: unarudi lini.

Mama yule hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Inzi walitua kwenye beseni, naye hakuwafukuza. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo, "Sauti yake iko namna gani sasa?"

"Nzito. Kama ya mutu mukubwa."

"Anakohoa?"

"Sikusikia kikohozi."

Aliinuka, akaenda kwenye mfuko, akafungua kitambaa, akatoa ufunguo. Salvator alidhani atautupa. Hakuutupa. Alikwenda akafungua chumba cha uani, madirisha pia, akaanza kukokota magunia ya ndagala kutoka barazani, moja moja, kuyaingiza mle. Mzee akainuka kumsaidia. Kitanda cha Loïc kilipofunikwa na magunia, Sephora alipangusa mikono kwenye kitenge.

"Mvua ilikuwa inaniharibia mali huku inje," alisema. "Samaki wake utapeleka. Ukimuona, kula naye. Asiulizwe kitu. Na mi sitamuuliza tena."

Jioni hiyo Salvator alimrekodia Loïc maneno kwa simu, akiyatafuta moja moja. Alisema mama yako anajua. Alisema chumba kimekuwa depo ya ndagala, usihangaike nacho. Alisema mimi nitakuja na treni, nina mukeke, na maswali sina. Alama za kuonyesha kwamba kijana amesikiliza zilitokea usiku ule ule. Jibu halikutokea.

Nella alikasirika. "Papa, ulisema utapumzika, unaangalia majani! Sasa unataka kuvuka nchi yote kwa mutu hata hajakubali kukufungulia?"

"Nilisema sitaki haraka. Asipofungua leo, nitangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyosomea."

Maneno ya ushujaa hayo. Ndani hakuwa nao. Akilini alimwona mzee mmoja kwenye stesheni ya treni ya ugenini na mfuko unaonuka samaki, na giza, na hakuna mtu. Picha hiyo alikula nayo, akalala nayo. Sephora kila asubuhi alipita na beseni lake, akamsalimu, akaangalia uso wake, akaendelea na njia. Hakuimba tena, lakini sokoni alikwenda.

Valizi ya safari ilikuwa imeshafungwa na kamba siku jibu lilipokuja. Sauti ile nzito, maneno machache, nyuma yake upepo.

"Papa Nella. Hiyo treni inachelewaka sana, inaweza kufika usiku. Ukishuka usitoke inje, baridi itakuua. Ungoje ndani."

Basi, hayo tu. Salvator aliyasikiliza tena na tena, ameegemea ukuta kama zamani alivyoegemea gari. Maisha yake yote hajawahi kuambiwa angoje ndani. Akapeleka simu kwa Sephora, akamshikia sikioni.

Mama aliisikiliza amefumba macho. Ilipoisha alimgeukia mzee, mdomo ukafunguka. Salvator aliliona swali likija, lile lile la siku zote, limefika kwenye meno. Mdomo ukafungwa. Sephora akameza, akaingia chumbani kati ya magunia, akatoka na mukeke mmoja mkubwa.

"Huyu pia ataingia," alisema. "Kamba ifungue."