Salamu Niliyoitikia Shimoni

Asubuhi ile Bibi Koleta alinichapa. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa mlangoni kwao Kibingo nikichambua kahawa. Mzee mmoja akapita njiani akatusalimu, mimi nikajifanya sijamsikia. Bibi akakata kijiti cha mbuni, akanipa viwili vya miguuni.

"Mkubwa akikusalimu unaitika. Hata kama uko kitandani. Umesikia?"

Nilisikia. Kisha akanipa ndizi ya kuchoma, maana hasira zake zilikuwa hazikai. Babu alikuwa akicheka huku anageuza kahawa kwenye jamvi lake.

Siku mbili baadaye, mchana, askari wa ng'ambo ya mto wakaingia kijijini. Wana wa Bibi walikuwa wameshakimbiza ng'ombe kwenda kuwaficha. Babu alikuwa na mguu mbovu na Bibi alikataa katakata kumwacha. Basi tukaingia watatu katika shimo la kuivishia ndizi za pombe, kule mgombani, Bibi akavuta majani makavu juu yetu. Ndani mlikuwa na joto, na harufu ya moshi ilikuwa bado haijatoka.

Tukasikia viatu.

Vikasimama.

Mtu mmoja akatoa salamu ya mchana, kwa lugha yetu, lafudhi tu ndiyo iliyopinda kidogo. Watu wa ng'ambo wanasema karibu sawa na sisi. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya upole.

Nikapiga magoti humo shimoni. Nikaitika.

Bibi aliniziba mdomo nikiwa nimeshamaliza.

Walimtoa Babu. Walimpiga risasi kwenye jamvi lake, juu ya kahawa. Yule mwenye sauti ya upole alinitazama, akamwambia Bibi kwamba mtoto huyu amelelewa vizuri. Wakaondoka.

Bibi alinishika mashavu kwa nguvu hadi yakauma. "Mimi nilikohoa," akasema. "Wewe hukusema kitu. Ni mimi nilikohoa."

Hivyo ndivyo alivyowaambia wanawe waliporudi, na mkubwa wao, Baba Mkubwa Projestus, hakula tena chakula cha mkono wake. Miaka yote hiyo. Bibi akipata mafua, aliondoka sebuleni akaenda kukoholea nyuma ya nyumba, kwa sababu wakikisikia kikohozi kile wote walinyamaza na kumtazama. Mimi nilikuwa nakaa papo hapo na sahani yangu. Nilipokuwa mtoto nilinyamaza kwa woga. Nilipokuwa mtu mzima nilinyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa hilo sina wa kumsingizia. Wala Bibi hakuniambia tena nimsalimie mtu.

Alikuwa na ombi moja tu, na kila mtu alilijua: azikwe ubavuni kwa Babu.

Mwezi uliopita alifariki. Nilipanda bodaboda kutoka Kayanga, njia nzima nikipanga maneno. Nilikuta kaburi linachimbwa chini kabisa ya shamba, karibu na uzio, mbali na Babu.

Nikamwendea Baba Mkubwa, nikapiga magoti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Nikamweleza yote: kijiti, shimo, sauti ile, kuitika kwangu. Nikamwambia Bibi hakukohoa, ni mimi niliyemuua Babu. Nililia, sikujali nani ananiona. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

"Alituonya," akasema. "Alisema, siku nikifa huyu mtoto atakuja kujitwika lile jambo, kwa jinsi anavyonipenda. Msimsikilize."

"Baba, ni kweli tupu."

"Nenda kakae na wenzako, mwanangu. Una uchungu."

Akawageukia wachimbaji, akawaambia waendelee.

Nikarudi kukaa na wanawake. Wageni wa msiba walikuwa wakifika. Kila mkubwa aliyenisalimu nilimwitikia, nimepiga magoti.