Shamba la Kunyonya Moshi wa Ulaya

Nilikwenda kisiwani Ukerewe kwa sababu bwawa la kusini lilikauka. Umeme wetu wa Mwanza ulitegemea maji hayo ya mbali, na mvua ilipogoma, kiwanda cha nguo cha Nyakato nilikokuwa nasokota nyuzi kikasimama. Jenereta lilikuwepo, lakini dizeli ilitoka Uarabuni, na wakubwa wakigombana huko bei hupanda huku. Msimamizi akafunga lango, akatuambia tusubiri. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikilikumbuka shamba aliloniachia baba kule kisiwani. Siku zile za kukaa bure kumbukumbu ile ikaniuma kweli, nikaamua niende nikalilime.

Saa tatu asubuhi meli iling'oa nanga. Wanangu wawili, ambao shule yao iko Nyakato, niliwaacha kwa jirani. Mawe ya Mwanza yalipoanza kupungua nyuma yetu, niliona haya kwa furaha niliyokuwa nayo. Nilitamani hata harufu ya muhogo ulioanikwa juu ya mwamba.

Saa saba mchana tulifika Nansio. Kaka yangu Magesa, anayeishi na mama, alinipokea bandarini na baiskeli.

"Dada, shamba lako limepata mpangaji," alisema kabla hata sijakaa vizuri nyuma yake. "Kampuni ya Wazungu. Wanataka kupanda mikaratusi, miaka arobaini."

"Mikaratusi ya nini?"

"Ya kunyonya moshi. Mataifa makubwa yamekutana, yakakubaliana kwamba moshi wa viwanda vyao unaharibu hali ya hewa. Sasa kuvizima hawataki. Wakipanda miti kwetu, wanahesabiwa kwamba wamepunguza."

"Changu kimezimwa bila mkutano," nilimjibu.

Magesa alicheka. Akaniambia wamemhakikishia kwamba ardhi itabaki yetu, miti tu ndiyo yao. Mtoto wa Ukerewe kuamini hilo! Kwetu aliyeazimwa shamba hulima muhogo, hulima viazi, ila mti hapandi. Akipanda mti, amelitwaa. Magesa alilijua hilo kama mimi, lakini alishachoka kuishi chini ya paa la nyasi, na kampuni ilikuwa imeahidi bati.

Jioni nilimkuta mama uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nilimwambia nalitaka shamba langu, nikalia kama mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa akinitunzia, na alikuwa hajatia dole gumba kwenye karatasi ya kampuni. Mtu wa kampuni alikuwa anarudi Jumatatu.

Alfajiri ya Jumapili mama alinipeleka shambani na jembe, pamoja na mche wa mchungwa kwenye kopo la maziwa.

"Panda hapa katikati," alisema. "Ukishapanda, hakuna atakayeligusa, si Magesa wala Mzungu. Lakini mti hauangaliwi na mtu aliyeko Nyakato. Ukipanda, unabaki. Watoto utawafuata, shule hata hapa zipo."

Niliushika ule mche. Udongo ulikuwa na umande, na miguu yangu ilikuwa imezama ndani yake kwa raha. Sijawahi kutamani kitu maishani kama nilivyotamani kuchimba shimo lile. Ila nikawaza: je, lango likifunguliwa sipo? Mashine yangu atapewa mwingine kabla ya saa sita.

"Mama, ngoja kwanza nione kama umeme utarudi."

Nikampa kopo lake. Alilipokea, akasema, "Haya," akatangulia nyumbani.

Jumatatu nilirudi Mwanza. Umeme ulikuwa umewaka! Kesho yake nilikimbilia kiwandani, nikasokota nyuzi siku tatu. Siku ya nne mgawo wa umeme ukaanza upya, msimamizi akafunga lango. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua ya Magesa: mama ametia dole, mikaratusi imepandwa kwa mistari hadi ukingoni, na nyumba ina bati.

Majirani huniuliza safari ile ilinifunza nini. Huwaambia kwamba maji, mafuta na moshi huamuliwa na watu ambao hatutawaona kamwe, nao hutikisa vichwa na kunipa pole. Lakini hayo niliyajua kabla ya kupanda meli. Mche ule hakuna taifa lililoninyang'anya. Niliurudisha mwenyewe, kwenye mikono ya mama aliyekuwa akitumaini sitaurudisha.