Msaidizi wa kocha asiyefungua mdomo

Leo timu ya mtaa wetu imeshinda, na nimemdanganya kocha mechi nzima.

Kocha mwenyewe ni baba yangu.

Enzi zake alikuwa mshambuliaji hatari. Ukocha sasa... mechi nne, vipigo vinne. Mwenyekiti wa timu alishamwambia akifungwa leo, basi.

Dakika ya kumi mpira ukamjia pale pembeni aliposimama. Miguu ikakumbuka ujana. Akaupiga shuti, ukajaa wavuni!

Refa akalikataa bao, akampa kadi nyekundu.

Akaenda nje ya uzio, akanipigia simu mimi niliyekaa karibu na benchi.

“Mwanangu, mwambie Juma apande! Piga kelele!”

Mimi? Ambaye darasani sijibu kwa Kiswahili wala Kiingereza?

“Nimemwambia, baba.”

Sikumwambia mtu. Maagizo yote yameishia sikioni kwangu.

Tumeshinda mbili bila!

Mwenyekiti akamkumbatia: “Mwalimu, kumbe ukikaa mbali ndiyo unafundisha! Kazi unabaki nayo.”

Sasa hivi baba yuko sebuleni, anamsimulia mama jinsi kila agizo lilivyozaa matunda. Ameshaniteua msaidizi wake.

Jamani, niungame, au tuendelee kushinda?