Petroli ya Mshindi

"Madam, pikapu ya kitambo hivi haihitaji petroli ya bei juu," kijana wa kituo cha petroli Bomet aliniambia juzi. Ni kweli, lakini nilimwambia ajaze.

Pikapu hiyo ilikuwa ya mama. Alasiri moja ya mvua, nikiwa mtoto kando yake, aliitumia kuvuta lori la majani chai lililokwama, wanaume wakitazama, kisha akaenda kuijaza petroli ghali. Harufu ya petroli ilichanganyika na ya chai mbichi. Nilidhani ni zawadi ya pikapu kwa ushindi wake, kama maziwa ya mursik tunayowapa washindi. Tulipofika nyumbani, nikaleta kibuyu cha mursik, nikafungua tangi la pikapu nimimine.

Mama alinidaka mkono, uso umejaa matope.

"Lete hapa," akasema. "Hiyo ni ya dereva."