Mama Hope wa Kiwalani

Editha alikuwa amebakiwa na siku moja tu. Kesho yake alfajiri anarudi Maskati kwenye kazi za ndani, na wiki tatu zote za likizo hakuna mwanawe hata mmoja aliyemwita mama. Hope, miaka saba, alimwita anti. Leonardi, aliyeachwa bado ananyonya na sasa ana miaka minne na nusu, hakumwita kitu. Alimtazama tu kama fundi umeme aliyeingia sebuleni.

"Leo natoka nao mwenyewe," alimwambia mdogo wake Vaileth, aliyewalea watoto hao Kiwalani muda wote huo.

"Sawa, dada. Ila Leonardi hali pilipili, na ukimpa kisogo tu anatoroka..."

"Vaileth! Nimewazaa mie."

Jamani, mengine si ya kumwambia mtu. Vaileth hajajaliwa mtoto, na anajua vizuri nani aliyewazaa hao. Alifunga kamba za viatu vya Leonardi, akaingia ndani.

Wakapanda bajaji mpaka Msasani, kwenye bustani ya watoto karibu na ufukwe. Leonardi alivaa shati jipya kutoka Maskati, limembana kwapani hadi mikono haishuki. Editha alilinunua kwa kumpimia Haroub, mtoto wa bosi wake, maana mwili anaoujua ni wa Haroub.

Akawanunulia mihogo ya kukaanga, akawanunulia aiskrimu. "Sema asante mama."

"Asante anti," akasema Hope.

"Mama."

"Asante mama anti," akasema Hope, akakimbilia bembea.

Editha alicheka huku roho inamuuma. Lakini Leonardi, mdomo umejaa aiskrimu, akaja mwenyewe akampanda mapajani. Hakuitwa, hakuhongwa. Editha alimkumbatia taratibu asije akashtuka, akasema moyoni, huyu ataniita kabla hatujarudi.

Simu ikalia. Ni Thuraya, bosi wake, Mwarabu mwenye bibi wa Unguja, Kiswahili kinamtoka bila shida. "Editha, Haroub hajala tangu jana. Anakutaka wewe. Mwimbie kidogo tu ale."

Angeweza kukata. Hakukata. Alimtua Leonardi chini, akageukia ukutani ili jua lisipige kioo cha simu, akaanza kuimba wimbo wa kijiko, ule anaomlishia Haroub.

"Mama!" Haroub alipiga kelele kule kwenye simu. "Mama Editha, njoo!"

Na Editha, Mungu amsamehe, alitabasamu mpaka jino la mwisho.

Kipaza sauti cha getini kikakwaruza. "Mama Hope! Mama Hope wa Kiwalani, fika getini, mwanao analia!"

Aliisikia sauti hiyo vizuri. Aliisikia mara mbili. "Kijiko kingine, baba," akamwambia Haroub. Jina lile halikumgusa hata kidogo. Maskati yeye ni Editha. Kiwalani, wiki tatu nzima, mtu akibisha hodi kwa Mama Hope, aliyeitika ni Vaileth.

Hope ndiye aliyekuja kumvuta gauni. "Anti, wanamwita mama!"

Hapo ndipo roho ilipomruka. Alikimbia peku, kandambili zikabaki mchangani. Leonardi alikuwa mikononi mwa mlinzi, mtu wa makamo aitwaye Deogratias, uso wa mtoto umejaa kamasi na machozi.

"Mwanangu!" Editha akanyoosha mikono. Leonardi akaficha uso kwenye kola ya mlinzi.

"Huyu ni nani yako?" mlinzi akamuuliza mtoto.

"Anti wa kwenye simu."

"Mama je?"

"Yuko nyumbani."

"Samahani, sista. Mtoto simtoi hivi hivi. Siku hizi watoto wanaibwa."

"Nimemzaa mie!" Ndiyo maneno yaleyale ya asubuhi.

Watu walishajaa. Mwanamke mmoja akamtazama Leonardi juu mpaka chini. "Hebu lioneni hilo shati. Mama gani asiyejua saizi ya mwanawe?" Watu wakacheka.

"Mie namba ya mama naijua," Hope akasema, akaitaja yote bila kukosea. Deogratias akapiga.

Vaileth alifika kwa bodaboda, kanga kaifunga nje ndani. Leonardi aliruka kutoka kwa mlinzi kabla hajafika karibu. "Mama! Mama!" Akamng'ang'ania shingoni, na Vaileth, bila hata kuangalia, akamfungua vifungo vya lile shati apumue.

"Pole, Mama Hope," Deogratias akasema. "Na huyu dada, unamfahamu?"

Editha alimtazama mdogo wake, akimwomba kwa macho. Vaileth naye akamtazama, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Namfahamu," akasema. "Ni anti yao."

Editha akasubiri amalizie. Vaileth alishamshika Hope mkono, wanaondoka.

Simu ikalia tena, Haroub anataka kijiko kingine. Editha akaipokea.