Shikamoo Niliyompa Rabi

Huku kwetu Ifakara, kaburi la Mkatoliki likishatulia, mtoto wa kiume ndiye anasimika msalaba wa baba yake. Wa kiume ninaye mmoja. Fundi alishamaliza msalaba wa marehemu mume wangu, mpunga wa kupikia watu nilishakoboa. Mtoto akasema, "Mama, ngoja nimuulize Rabi."

Rabi mwenyewe ni kijana aliyefungua kanisa la turubai njia ya Kiberege. Mwanangu akanielimisha, sauti kaibana puani kama huyo Rabi wake: "Ni Kiebrania, mama. Rav ni mkubwa. Rabi ni mkubwa wangu, bwana wangu. Wayahudi ndivyo walivyomheshimu mwalimu wa sheria."

Nikamwambia, "Basi niite na mimi Rabi. Nani kakufundisha kupandikiza mpunga? Nani kakufundisha kuvaa suruali, ulikuwa unatia miguu yote miwili shimo moja?"

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani. Nikajua nimempata.

Jumapili akarudi kanuna. "Rabi kakataa. Anasema mambo ya makaburi ni machukizo."

Nikamfuata mwenyewe huyo mkubwa. Nikamkuta kwenye kiti cha plastiki, viatu vimechongoka kama mdomo wa samaki chuchunge. Katekista wetu alishanieleza kwamba Yesu aliwakataza wanafunzi wake kuitwa Rabi, na maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni tayari kumrushia. Ila nyuma yake nikamwona mwanangu anafagia. Nikayameza.

Nikapiga goti. Nikasema, "Shikamoo, Rabi."

Mjukuu wangu wa kwanza anamzidi umri yule. Nilidhani atashtuka, aseme hapana mama, shikamoo wewe. Akanyoosha mkono hivi, taratibu, kama anabariki ng'ombe: "Marahaba, binti yangu."

Nikamwomba siku moja tu, anipe mwanangu asimike msalaba, jioni nimrudishe. Akafumba macho, akavuta pumzi puani. "Bwana hajaniruhusu."

Nikamwangalia mwanangu. Alinisikia, na goti langu aliliona. Akageukia upande wa pili, akaendelea kufagia.

Katekista anasema hata watoto wa shemeji wanaweza kusimika. Najua wanaweza. Sijawaita. Watu wakiniuliza lini, nawaambia mvua ikikatika. Imeshakatika mara mbili.