Mbatizaji wa Magodoro

Saa mbili asubuhi, Margit Pintér anavua viatu, anapanda juu ya godoro jipya katikati ya karakana na kufumba macho. Wenzake wanampita na matoroli yao. Hakuna anayeshangaa, mama huyu wa miaka sitini na minane yuko kazini.

"Jina halitolewi mtu akiwa amesimama," anasema bila kufumbua jicho. "Hata mtoto unampakata kwanza."

Katika kiwanda hiki cha Toledo, Ohio, kazi yake ni kuyapa magodoro majina. Godoro lile lile huenda maduka matatu, likiwa na vitambaa vitatu, namba tatu za bidhaa na majina matatu. Kila duka limebandika mlangoni: ukipata bei nafuu kwingine, nasi tunashusha. Ahadi tamu, ila sharti namba zifanane, na namba hazifanani kamwe.

"Zamani godoro lilikuwa godoro," anasema Margit. "Baba alikuwa akimwambia mwenye duka, 'Jirani yako anauza themanini.' Yule anamtukana jirani, anashusha, wanaagana wakicheka."

Majina ya mawingu na malaika yalipomwishia, alianza kuchota kwenye mtaa wa Wahungari alikokulia, uliobomolewa kupisha barabara kuu. Jina moja likawa Imre, mwoka mikate ambaye harufu ya tanuri lake, Margit anaapa, ilikuwa ikisimamisha treni. Dereva anashuka kununua, na abiria wanamwagiza. La pili Piroska, mke wa Imre, mwenye sauti ya kung'oa misumari.

Mwezi uliopita Rozi Tomko, shoga yake tangu utotoni, alitoka kutafuta godoro. Mumewe amefariki, na la zamani limebonyea upande wa marehemu. Kila usiku Rozi anaporomokea humo. Duka la kwanza akamkuta Imre, dola mia tisa. La pili akamkuta Piroska, mia sita na hamsini. Akapiga simu kiwandani.

"Wee Margit, haya si godoro moja?"

Margit alikuwa ameapa kiwandani kutosema. Akisema, kazi hana.

"Rozi, Imre na Piroska walilala kitanda kimoja miaka arobaini. Mimi sijasema kitu."

Rozi akarudi kwa Imre kudai bei ya Piroska.

"Namba si moja, mama," muuzaji akamwambia.

"Namba za nini, mwanangu? Hawa ni mke na mume!"

Duka zima likageuka. Bei haikushuka, Rozi akaenda kumchukua Piroska, na malalamiko ya duka yakamfikia bosi Kirby kabla godoro halijafika nyumbani.

"Majina yako yana midomo, Margit," Kirby alimwambia. Hakumfukuza, ila kuanzia sasa ni herufi na tarakimu tu.

"Mtaa wetu umebomolewa mara ya pili," anasema Margit, na kwa mara ya kwanza hacheki.

Atastaafu majira ya kuchipua. Ameomba kitu kimoja: godoro hili alilolalia liuzwe mlangoni pa kiwanda, jina moja, bei moja, kwa yeyote. Kirby hajakubali, lakini hajakataa.

Alipomsimulia Rozi kwa simu, Rozi ndiye aliyewahi kupinga.

"Usithubutu kuliita Rozi! Sitaki wanaume nisiowajua wanilalie."

Margit anayarudia maneno hayo, anafumbua macho, anaketi, anatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu.

"Basi jina limepatikana," anasema.